Pampu ya Maji Inayokufa Kila Mara: Ununue Jenuini, Mpya ya Bei Nafuu, Iliyotumika, au Uikarabati?

Kufa kwa pampu ya maji mara moja ni jambo la kawaida katika maisha ya gari, kwa sababu kifaa hiki kinachozungusha maji ya kupoza injini kina beringi na sili (kizuizi cha maji kwenye shafti), na vyote viwili huisha. Kinachowachosha wenye magari ni kufa kwa mara ya pili na ya tatu: pampu imenunuliwa, fundi amelipwa, kulanti mpya (maji yenye dawa ya kupozea injini) imejazwa, na kabla mwaka haujaisha michirizi ya maji imerudi chini ya injini na mshale wa joto unapanda gari likiupandisha mlima Kitonga. Hapo kila mtu huwa na lake. Muuzaji wa spea atasema ulifungiwa feki, fundi atasema pampu za siku hizi hazina maisha, na jirani atakuelekeza utafute iliyotoka Japani kwenye injini iliyokatwa. Wote wanaweza kuwa sahihi, lakini si kwa gari moja.

Njia zilizopo ni nne: pampu jenuini (halisi, yenye jina la kampuni ya gari) au ya kiwanda kinachomuuzia mtengenezaji wa gari, pampu mpya ya bei nafuu, pampu iliyotumika, na kuikarabati ile iliyokufa. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile: jumla ya gharama pamoja na ufundi, uimara, uhakika kwamba unachouziwa ndicho ulichoambiwa, na madhara yatakayotokea ikishindwa barabarani. Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo yasipojulikana kwanza, ulinganisho wowote utakuwa wa kubahatisha. La kwanza ni mahali pampu ilipokaa kwenye injini yako, na la pili ni sababu iliyoua ile ya awali.

Pampu imekaa wapi

Kwenye injini ya 1NZ-FE, ambayo imo katika Vitz, IST, Probox na Premio nyingi zilizoko barabarani kwetu, pampu iko nje na huzungushwa na mkanda uleule unaozungusha alteneta. Fundi mzoefu huitoa na kuirudisha bila kugusa taiming (mkanda au cheni inayooanisha mizunguko ya ndani ya injini), kwa hiyo ufundi wake si wa kutisha. Kwenye 3S-FE, injini ya RAV4 na Caldina za zamani, pampu huzungushwa na mkanda wa taiming, na ndivyo ilivyo kwa Subaru zenye injini za EJ. Huko kuifikia pampu ni kuvua kava, kuweka alama za taiming na kuutoa mkanda, na kosa dogo wakati wa kurudisha huleta balaa kubwa kuliko maji yaliyokuwa yakivuja. Nissan zenye VQ35 huizungusha kwa cheni ya taiming ndani ya kava, kazi ambayo asipewe fundi anayejifunza. Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2009, haina mkanda kabisa. Pampu yake ni ya umeme, na inapokufa hutoa msimbo kwenye mashine ya kupimia na wala si lazima ivuje.

Kipimo hiki ndicho kizito kuliko vyote. Mwenye Vitz anaweza kujaribu pampu ya bei ya chini na ikimwangusha akapoteza nusu siku gereji. Mwenye Subaru Forester akijaribu hivyo hivyo atalipia taiming mara mbili, na pengine mkanda mpya ulioloa kulanti itakuwa lazima utupwe.

Kinachoiua pampu

Usikubali pampu ya zamani itupwe kabla hujaiona. Iombe, ifute kwa kitambaa na uiangalie sehemu tatu. Upande wa puli, chini ya shafti, kuna kitundu kidogo ambacho mtengenezaji amekiacha makusudi ili maji yanayopenya sili yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Ukikuta utando mkavu wa waridi, wa kijani au wa kutu umeganda kuanzia kwenye kitundu hicho kwenda chini, sili ndiyo iliyoisha. Kisha shika shafti uitikise na kuizungusha: ikicheza au ikikwaruza, beringi imekwisha. Mwisho igeuze utazame mapanga yake. Yakiwa yamelika kingoni na yana vishimo vidogovidogo, au yamefunikwa na kutu nene, basi tatizo liko kwenye maji au presha, na pampu utakayofunga baada yake itakufa kwa ugonjwa huohuo hata ikiwa jenuini.

Sili ya pampu ni nyuso mbili ngumu, kwa kawaida moja ya kaboni na nyingine ya kauri, ambazo husuguana huku zikilainishwa na utando mwembamba wa kulanti yenyewe. Maji yakiwa na chokaa au chumvi, chembe hukaa kati ya nyuso hizo na kuzikwangua. Katika maeneo mengi ya Dar es Salaam maji ya visima ni ya chumvi, nayo ndiyo huishia kwenye rejeta kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na gereji. Kulanti haikuwekwa ili kuyapendezesha maji kwa rangi. Ina dawa ya kuzuia kutu, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka karibu nyuzi 106 za Selsiasi hata kabla ya presha ya kifuniko. Kuna pia kosa la upande wa pili: kulanti ya waridi ya Toyota huuzwa ikiwa tayari imechanganywa, kwa hiyo anayeiongezea maji nusu kwa nusu amebaki na robo tu ya dawa. Kwa ile nzito inayohitaji kuchanganywa, tumia maji yaliyosafishwa, yaani yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, na uhakikishe chupa si ya asidi.

Beringi nayo mara nyingi huuawa na mkono wa fundi. Injini kama 1NZ-FE hukazwa mkanda kwa kuisogeza alteneta, na fundi asiyependa kusikia mkanda ukilia huuvuta kwa nondo hadi unakuwa mgumu kama waya. Mkanda unanyamaza, na beringi ya pampu inabeba mzigo huo kila sekunde injini inapozunguka.

Kifuniko cha rejeta hakipewi heshima yake. Kazi yake ni kushikilia presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya kawaida yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, ilhali thamostati (vali inayofunguliwa na joto ili maji yapite kwenye rejeta) ya magari mengi ya Toyota huanza kufunguka kati ya 80 na 84. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Kifuniko kikiwa kimechoka, mapovu ya mvuke hutokea kwenye mdomo wa pampu, na yanapopasuka hung'oa chuma cha mapanga kidogokidogo. Kifuniko ni spea ya bei ndogo sana ukilinganisha na pampu, na bado watu wanabadilisha pampu tatu bila kukigusa.

Kuhusu thamostati, tabia ya kuitoa "ili gari lipoe" imeenea kiasi kwamba ni lazima isemwe. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha chini ambacho huziba njia ya mkato injini inapopata moto. Ukiitoa, njia ile hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari likichemsha mlimani, pampu hulaumiwa. Hali kadhalika hedi gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) iliyoungua husukuma gesi ndani ya maji, na gari hupandisha joto na kutema kulanti huku pampu ikiwa nzima. Ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye mdomo wa rejeta hata baada ya hewa kutolewa, acha habari ya pampu na upime hedi.

Pampu jenuini au ya kiwanda cha awali

Kwa gharama, hii ndiyo ya juu dukani, ingawa ndani yake kuna ngazi mbili. Boksi lenye jina la kampuni ya gari huwa na bei kubwa zaidi; boksi la kiwanda kinachoiuzia kampuni hiyo huwa nafuu zaidi kwa bidhaa isiyotofautiana sana. Aisin ya Japani, kwa mfano, ni muuzaji wa vifaa vya kiwandani wa Toyota na huuza pampu kwa jina lake pia. Kwa maoni yangu ngazi hii ya pili ndiyo yenye busara kwa wengi, kwa kuwa tofauti ya bei inatosha kununua kulanti sahihi na kifuniko kipya.

Uimara wake unatokana na mambo yasiyoonekana dukani: ulingano wa shafti, ubora wa sili, na nafasi kati ya mapanga na ukuta wa nyumba ya pampu, nafasi ambayo ikiwa kubwa pampu husukuma maji machache injini inapokuwa kwenye mzunguko wa chini.

Tatizo lake kubwa ni uhakika. Jina linalouzika ndilo linaloigwa, na boksi la kuigiza ni rahisi kuchapisha kuliko pampu nzuri kutengeneza. Ukiwa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, muuzaji hutandika tatu mezani na kukwambia, "Hii ya kawaida, kaka, hii ya Japani, na hii ndiyo yenyewe," na kwa macho tu zinafanana. Nenda na namba ya chesisi ili upate namba kamili ya spea. Za pampu za Toyota kwa kawaida huanza na 16100. Linganisha namba ya boksi na maandishi yaliyomo kwenye chuma chenyewe, pitisha kidole kwenye uso wa gasketi kuona kama umechongwa laini, na zungusha shafti: inapaswa kuzunguka kwa ukinzani mdogo ulio sawa mzunguko mzima. Dai risiti yenye namba ya spea. Malalamiko ya bidhaa bandia Tanzania hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, lakini bila risiti huna cha kuwapelekea.

Ikishindwa, kwa kawaida huanza kwa kudondosha matone na kukupa muda wa kugundua. Inawafaa wenye pampu iliyofichwa nyuma ya taiming, wanaosafiri mikoani, na wanaotarajia kukaa na gari miaka kadhaa.

Mpya ya bei nafuu

Hapa ndipo lugha ya dukani inapopoteza watu, kwa sababu neno "ya kawaida" linabeba vitu viwili. Zipo pampu za viwanda vinavyojulikana kwa soko la spea, kama GMB, ambavyo huandika jina lao waziwazi na havijifanyi kuwa mwingine. Zipo pia zile zisizo na jina, au zenye jina linalobadilika kila shehena. Kuziweka zote kwenye kapu moja ni kuvionea viwanda vya kwanza.

Gharama ya dukani ni ndogo, na kwa injini yenye pampu ya nje jumla yake pamoja na ufundi bado inaweza kuwa nafuu kuliko jenuini peke yake. Uimara unategemea jina lililomo kwenye boksi. Baadhi ya zile zisizo na jina huwa na mapanga ya bati lililokunjwa mahali ambapo ya kiwandani yalikuwa ya kumiminwa, au idadi pungufu ya mapanga, na ukiziweka sambamba na ya zamani utaliona hilo kabla hujalipa. Ndiyo maana nasisitiza uende dukani ukiwa na pampu ya zamani mfukoni. Uhakika wake, kwa namna ya ajabu, wakati mwingine ni mkubwa kuliko wa jenuini, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuiga boksi lisilo na jina. Waranti ipo kwenye baadhi ya maduka, ila mara nyingi hurudisha pampu tu, na fundi unamlipa upya.

Madhara yake ikishindwa hayatabiriki: beringi dhaifu inaweza kushika ghafla na kukata mkanda, na ukikatika mkanda kwenye 1NZ-FE unapoteza pampu na alteneta kwa pamoja. Inamfaa mwenye gari la mjini ambalo pampu yake iko nje, na anayezoea kufungua boneti kila wiki kutazama kiwango cha maji.

Iliyotumika

Pampu hizi hutoka kwenye injini zinazoletwa zikiwa nzima au kwenye nusu gari, na hoja ya wanaozipenda ina mashiko: ni ya kiwandani, imetumia kulanti sahihi katika nchi inayofuata ratiba ya matengenezo, na feki haiwezi kuwa imefungwa kwenye injini ya Japani. Kwa uhakika wa asili, basi, inaishinda hata jenuini ya boksi, ilimradi uione ikitolewa kwenye injini mbele yako.

Inaposhindwa ni kwenye uimara. Sili iliyokaa muda mrefu bila maji hukauka, nyuso zake hugandana, na injini inapowashwa mara ya kwanza ule mgando huchanika na kuacha njia ya kuvuja. Ndiyo sababu pampu iliyokuwa haivuji hata tone Japani huanza kuvuja wiki ya kwanza Kampala, baada ya miezi kwenye kontena na mingine kwenye rafu ya soko la spea la Kisekka. Hakuna anayeweza kukuambia imebakiza maisha kiasi gani. Kwa magari yenye nyumba ya pampu ya plastiki, kama Volkswagen zenye injini ya TSI ya EA888, nisingeifikiria kabisa, kwa kuwa plastiki ile imeshapikwa na joto kwa miaka.

Gharama ni ya kati au ya chini kutegemea uhaba wa gari lako, na ikishindwa huvuja taratibu kama jenuini. Inawafaa wenye magari ambayo spea zake mpya hazipatikani au hupatikana kwa kuagiza, na kwao inaweza kuwa daraja la kuvukia wakati mzigo uko njiani. Kwa pampu ya ndani ya taiming, isifungwe ila kwa dharura.

Kukarabati ile iliyokufa

Wapo mafundi wa kuchonga vyuma wanaotoa shafti, kubana beringi mpya na kufunga sili mpya kwenye nyumba ya zamani. Kwa pampu nzito za lori, trekta na baadhi ya Land Cruiser za zamani, ambazo nyumba yake ni chuma kinene na vifaa vyake huuzwa kama seti, kazi hii ina historia ndefu na ya heshima, na gharama yake ni ya chini kuliko zote. Kwa pampu ndogo za aluminiamu za magari ya siku hizi, ambazo hazikutengenezwa zifunguliwe, hali ni nyingine. Kila shafti inapopigwa kutoka, tundu lake hupanuka kidogo, na urefu ambao mapanga yanarudishiwa hutegemea jicho la fundi. Yakikaa mbali mno hayasukumi maji. Yakikaribia mno yanakwaruza ukuta.

Uhakika wa ukarabati upo kwa mtu: fundi unayemjua na unayeweza kumrudia. Ikishindwa, puli inaweza kulegea na shafti kutoka, na huo ndio ushindwaji mbaya kuliko wote niliotaja, kwa kuwa haukupi onyo. Inawafaa wenye mashine nzito, magari ya kizamani yasiyo na spea, na waliokwama mahali ambapo duka la karibu liko safari ya siku nzima.

Wakati wa kufunga

Lolote utakalochagua, angalia mambo machache yafanyike mbele yako. Uso wa gasketi ukwanguliwe usafi bila kuchimbwa, na silikoni, kama inahitajika, iwe uzi mwembamba, kwa sababu ziada yake hukatika ndani na kwenda kuziba rejeta. Mfumo ujazwe kulanti kabla injini haijawashwa hata kwa sekunde chache, maana sili ikizunguka kavu huungua hapohapo. Hewa itolewe hita ikiwa imefunguliwa. Matone machache kwenye kitundu siku ya kwanza yanaweza kuwa sili inajizoeza. Yakiendelea baada ya hapo, rudi dukani ukiwa na risiti. Unga au dawa ya kuziba matundu ya rejeta isiwekwe kwenye mfumo wenye pampu mpya.

Uchague ipi kwa hali yako

Ikiwa pampu yako iko nje, gari ni la mjini na fedha ni finyu, nunua mpya ya bei nafuu yenye jina la kiwanda, na unachookoa kitumie kwenye kulanti na kifuniko. Ikiwa gari hilohilo linakwenda Mbeya, Kisumu au Mbarara kila mwezi, panda ngazi moja hadi ile ya kiwanda cha awali, kwa sababu gharama ya kuvutwa itameza tofauti yote ya bei.

Ikiwa pampu iko nyuma ya taiming, funga ya kiwanda cha awali pamoja na mkanda wa taiming na rola zake kwa wakati mmoja, hata kama mkanda bado unaonekana mzuri, kwa kuwa ufundi unaulipia mara moja. Kwa pampu ya umeme pima waya na soketi yake kwanza, kisha ununue mpya. Iliyotumika haina namna ya kupimwa ikiwa mezani dukani.

Mwenye gari adimu aanze na iliyotumika huku akiagiza mpya, na mwenye lori au Land Cruiser ya zamani aliye na fundi wa kuaminika anaweza kukarabati bila wasiwasi mkubwa. Anayetaka kuuza gari karibuni afunge mpya ya bei nafuu na amwambie mnunuzi ukweli kuhusu kilichobadilishwa na lini.

Na aliyekwisha kufunga pampu mbili ndani ya mwaka asinunue ya tatu leo. Abadilishe kifuniko, aulize kama thamostati ipo, apime hedi gasketi, asafishe mfumo kwa maji safi hadi yatoke meupe, na amtazame fundi anapokaza mkanda. Ndipo arudi dukani na pampu ya zamani mkononi.